Wanataka kufuta sekunde ya jua. Wewe uliulizwa?

Hebu jaribu kukumbuka ulikuwa wapi usiku wa kuamkia Januari 1, 2017. Fataki za saa sita zilikuwa zimeisha kitambo. Kama ulikuwa kwa kesha, labda kwaya ilikuwa imechoka na watoto wamelala kwa viti. Kama ulikuwa kwa sherehe, pengine ulikuwa stejini unasaka matatu ya kurudi keja, nauli nayo imepanda bila aibu. Ilipofika saa nane na dakika 59 na sekunde 59 usiku, saa za dunia zilitakiwa kufanya kitu cha ajabu. Badala ya kuingia saa tisa kamili, zilitakiwa kungoja sekunde moja zaidi. Dakika hiyo ikawa na sekunde 61, ndipo saa tisa ikaingia.

Simu yako haikukwambia. Hukupokea hata SMS. Lakini mwaka wako ulirefushwa kwa sekunde moja, na sasa wenye vipimo wameamua kwamba mtindo huo usimamishwe ifikapo mwaka 2035.

Najua unachowaza. Kodi ya nyumba iko karibu, bando inasoma sifuri, na huyu msee analeta stori ya sekunde moja! Nivumilie. Sekunde hii imewagombanisha wanasayansi, kampuni kubwa za mitandao na serikali kwa zaidi ya miaka 20. Na swali lililo chini yake linakuhusu moja kwa moja: saa yako ifuate jua au ifuate kompyuta? Na nani anafaa kuulizwa kabla jibu halijatolewa?

Suti ya babu

Dunia ina saa mbili. Ya kwanza ni dunia yenyewe, inavyojizungusha hadi tunapata mchana na usiku. Kwa maelfu ya miaka hiyo ndiyo ilikuwa saa ya pekee. Ya pili ni atomu. Mwaka 1967 wataalamu walikubaliana kwamba sekunde isipimwe tena kwa mwendo wa jua na dunia, bali kwa atomu ya siziamu. Ukihesabu mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu hiyo, umepata sekunde moja. Haipungui, haizidi.

Shida ni kwamba atomu haichoki lakini dunia inachoka. Ukienda Lamu au Mombasa wakati wa bamvua uone bahari inavyopanda na kurudi, ujue unaangalia breki. Mwezi unayavuta maji, maji yanasugua dunia, na dunia inapunguza mwendo. Ni breki ndogo sana: siku inarefuka kwa karibu sehemu mbili za elfu moja za sekunde kila miaka 100. Lakini sekunde ya atomu ilishonwa kwa vipimo vya siku za karne ya 19, kama suti ya babu. Ukiivaa leo inabana kidogo. Siku za sasa kwa kawaida zimekuwa ndefu kuliko sekunde 86,400 kwa kiasi kisichoonekana, na kiasi hicho kinajilimbikiza.

Ndiyo maana mwaka 1972 sheria iliwekwa: saa ya atomu na saa ya dunia zisiachane hata kwa sekunde nzima, na baadaye kikomo kikawa sekunde 0.9. Pengo likikaribia hapo, sekunde moja inaongezwa mwisho wa Juni au mwisho wa Desemba. Kuna taasisi ya kimataifa inayopima mzunguko wa dunia, inaitwa IERS, na ofisi yake iliyo Paris ndiyo hutangaza karibu miezi sita mapema kama sekunde itaongezwa au la. Kati ya 1972 na 2016, sekunde iliongezwa mara 27.

Mbona 0.9? Kwa sababu mabaharia walikuwa bado wanatafuta njia kwa nyota. Ukisimama Nanyuki pale kwa ikweta, unaweza kudhani umetulia, lakini dunia inakubeba kwa kasi ya mita 465 kila sekunde. Kwa hiyo saa ya nahodha ikikosea sekunde moja tu, hesabu yake ya mahali alipo inaweza kupotea karibu nusu kilomita. Hapo mwamba unakungoja.

Usiku ambao kompyuta zilichanganyikiwa

Siku hizi nahodha ana GPS, na hapa ndipo stori inageuka. GPS haiongezi sekunde hizi kabisa. Ilianza kuhesabu mwaka 1980 na ikaendelea moja kwa moja, kwa hivyo tangu 2017 iko mbele ya saa rasmi ya dunia kwa sekunde 18. Simu yako inatoa hizo sekunde kimyakimya ndipo ikuonyeshe saa sahihi.

Kompyuta nyingi nazo zilifundishwa kwamba kila siku ina sekunde 86,400, basi. Sekunde ya 60 haina mahali pa kukaa. Ikija, nyingi zinarudia sekunde moja mara mbili. Fikiria wewe na mtu mwingine mnagombania tiketi moja ya mwisho mtandaoni. Wewe umebonyeza kwanza, yeye amefuata nusu sekunde baadaye, lakini saa ya mashine imerudi nyuma katikati. Rekodi inaweza kuonyesha kwamba yeye ndiye wa kwanza. Sasa weka benki na soko la hisa mahali pa tiketi uone kwa nini watu wa kompyuta hawapendi sekunde hii.

Na si mambo ya kufikirika tu. Sekunde ilipoongezwa mwisho wa Juni 2012, hapa kwetu ikiwa saa tisa usiku kuamkia Jumapili ya Julai 1, Reddit na LinkedIn ziliyumba. Shirika la ndege la Qantas kule Australia lilipata matatizo kwenye mfumo wake wa kusajili abiria, wafanyakazi wakarudi kuandika kwa mkono na safari zikachelewa. Chanzo kilikuwa hitilafu ndani ya Linux, programu inayoendesha seva nyingi za dunia. Usiku ule wa 2017 ikawa zamu ya Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitia kwake. Programu yake moja ilitoa muda kwa muda ikapata jibu lililo chini ya sifuri, kwa sababu aliyeiandika alidhani saa haiwezi kurudi nyuma. Nani angemlaumu?

Google walitafuta ujanja wao. Badala ya kuongeza sekunde kwa mpigo mmoja, wanaipaka kidogo kidogo kwa saa 24, kama siagi kwa mkate. Ni poa, ila si kila kampuni inapaka kwa mtindo mmoja. Siku hiyo saa za kampuni mbili kubwa zinaweza kutofautiana hadi karibu nusu sekunde, na zote zinadai ziko sahihi. Mwezi Julai 2022, Meta, wenye Facebook na WhatsApp, walitoka hadharani wakasema imetosha, sekunde hii ikomeshwe.

Halafu kuna jambo la noma zaidi. Miaka ya karibuni dunia imeongeza mwendo kidogo. Ikiendelea hivyo, badala ya kuongeza sekunde itabidi kuondoa moja: saa itoke 58 iruke moja kwa moja hadi dakika mpya. Hilo halijawahi kufanywa hata mara moja. Mwaka 2024, mtafiti Duncan Agnew wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alichapisha katika jarida la Nature hesabu zinazoonyesha kwamba huenda tukahitaji kufanya hivyo karibu mwaka 2029. Alisema ingekuwa mapema zaidi, ila barafu ya Greenland na Antaktika inayoyeyuka imechelewesha mambo. Maji yake yanatoka kwa ncha za dunia na kusambaa kuelekea ikweta, na dunia inapunguza kasi, kama mtoto anayezunguka kisha akanyoosha mikono. Ndiyo, tumechoma mafuta hadi tumegusa saa.

Walioulizwa walisema nini

Kufikia hapo unaweza kusema basi, futeni hiyo kitu twende nyumbani. Lakini si kila mtu alisema hivyo.

Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ilifanya jambo ambalo ni nadra kwa mambo ya sayansi: iliwaita wananchi wa kawaida ikawauliza. Si maprofesa, bali watu wa kazi za kila siku. Wengi hawakuwa wamewahi kusikia kuhusu sekunde hii. Wakaketishwa, wakaelezwa pande zote mbili, wakapewa nafasi ya kujadiliana. Baada ya yote hayo, maoni yaliegemea upande wa kuibakiza.

Kwa nini mtu ambaye jana hakujua sekunde hii ipo aitetee leo? Hapo mimi naona kitu cha maana. Kwa mtu wa kawaida, saa ni habari ya jua. Ukimwambia saa itaachana na jua, hata polepole kiasi gani, unamwambia unabadilisha maana ya neno "saa". Na sababu yenyewe ni kompyuta kusumbuka? Si kompyuta ndizo zilitengenezwa zitutumikie?

Waingereza wana historia na hili pia. Reli zilipofika karne ya 19, kila mji ulikuwa na saa yake ya jua, na Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika 10. Kampuni za reli zikataka wote wafuate London. Watu wa Bristol hawakukimbilia kutii. Walitundika saa yenye mishale miwili ya dakika, mmoja wa Bristol na mwingine wa London. Saa hiyo ingali pale kwenye jengo la Exchange mpaka leo. Lakini mwaka 1880 sheria ikaamua: saa ya Greenwich ndiyo saa ya nchi. Jua la Bristol likapoteza kesi.

Kwenye mzozo huu wa sekunde, upande wa kufuta ulikuwa na Marekani na Ufaransa, maabara nyingi za vipimo na kampuni za teknolojia. Upande wa kubakiza ulikuwa na Uingereza kwa miaka mingi, pamoja na wanaastronomia ambao darubini zao huelekezwa kwa kufuata mzunguko wa dunia. Urusi nayo haikutaka haraka, maana setilaiti zake za GLONASS, tofauti na GPS, zinafuata sekunde za nyongeza, na kuzibadilisha ni kazi na gharama.

Suala hili lilifika kwenye mkutano wa mawasiliano ya redio Geneva mwaka 2015 likaahirishwa. Halafu Novemba 2022, kule Versailles, Ufaransa, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ukapitisha azimio: ifikapo 2035 au kabla yake, kikomo cha sekunde 0.9 kipanuliwe, ili saa iende angalau miaka 100 bila kuguswa. Urusi ilipinga. Mwaka uliofuata, Dubai, mkutano wa mawasiliano ya redio ukaunga mkono, huku ukiacha mlango wazi wa kusubiri hadi 2040 kwa mitambo itakayokuwa bado haijawa tayari.

Kichwa chako kina mishale miwili

Sasa turudi kwako. Ukiamka asubuhi simu inaandika 7:00. Wewe unasema ni saa moja. Simu haijakosea na wewe hujakosea. Mzungu alianza kuhesabu usiku wa manane, Mswahili akaanza kuhesabu jua linapotoka na linapotua. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana imetimia. Saa sita, jua liko utosini. Saa kumi na mbili, jua limeaga. Kila Mkenya anatembea na ile saa ya Bristol kichwani, na mshale wake mmoja umefungwa kwa jua.

Kwa hivyo ungedhani sisi ndio wa kwanza kupiga kelele sekunde ya jua ikifutwa. Lakini hebu tupige hesabu kidogo. Mimi sikumaliza chuo, na hesabu hii haihitaji chuo. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kila dakika nne. Saa ya Kenya iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu, na hiyo ni saa ya jua la nyuzi 45 mashariki. Nyuzi 45 ziko wapi? Karibu na Mogadishu. Nairobi iko kwenye nyuzi 36.8 hivi. Tofauti ni nyuzi 8.2, mara nne, unapata kama dakika 33. Yaani jua la Nairobi, kwa wastani, linafika utosini karibu saa sita unusu, si saa sita. Na jua likishachomoza Mombasa, Kisumu wanangoja takriban dakika 20 kwa wastani, ilhali saa zao zinasoma sawa.

Umewahi kusikia mtu wa Kisumu akiandamana kuhusu hizo dakika 20? Wakati wa ukoloni saa ya hapa ilisogezwasogezwa, mara mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, mara saa mbili na dakika 45, ndipo ikatulia kwa saa tatu. Jogoo hawakupewa taarifa. Waliendelea kuwika wakati wao.

Kwa hiyo upande wa jua, hasara ni ndogo. Kwa mwendo wa sekunde 27 ndani ya miaka 50, pengo lingechukua zaidi ya miaka 100 kufika dakika moja tu. Nairobi inaishi na pengo la dakika 33 na chapati zinapikwa. Hata swala na futari hazitasumbuka, kwa sababu ratiba zake hupigiwa hesabu ya jua lenyewe, mahali ulipo. Nikiulizwa, nitasema sekunde iende. Mtambo wa hospitali ukizima saa tisa usiku kwa sababu ya sekunde moja, hiyo ni bei kubwa mno kulipia kitu ambacho jicho la binadamu haliwezi kuona.

Dawa ya deni

Lakini kuna kitu kinanikera kwenye azimio lile, na naamini kitakukera pia. Sekunde hazijafutwa. Zimekopwa. Dunia itaendelea kupunguza mwendo kwa muda mrefu, mwezi hautaacha kuvuta bahari kwa sababu ya karatasi iliyosainiwa Versailles. Pengo litakua, na siku moja mtu atalazimika kulilipa. Labda kwa dakika nzima mara moja, labda kwa njia nyingine. Ukisoma azimio hilo utaona njia ya kulipa haikuamuliwa. Liliagiza pendekezo la kikomo kipya liletwe kwenye mkutano wa 2026.

Kama sekunde moja ambayo tumeizoea tangu 1972 iliangusha mifumo mwaka 2012, dakika nzima ambayo hakuna aliye hai atakuwa amewahi kuifanyia mazoezi itafanya nini? Waandishi wa programu hizo watakuwa wajukuu wa watoto wetu. Sisi vijana wa nchi hii hatuhitaji darasa kuhusu kurithi deni lililosainiwa na watu ambao hawatakuwepo kulilipa. Dawa ya deni ni kulipa, na mkopaji muungwana husema mapema atalipa lini na vipi.

Na kuna lile swali la kuulizwa. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Mita, ule unaoitisha mikutano hii. Shirika letu la ubora wa bidhaa, KEBS, ndilo linalotunza vipimo vya taifa, kuanzia kilo ya sukari. Katiba yetu ya 2010, kipengele cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kama moja ya maadili ya taifa. Je, uliwahi kuitwa ukumbi wa kaunti ukaulizwa saa yako ifuate nini? Waingereza waliulizwa mwaka 2014, na ingawa miaka minane baadaye dunia iliamua tofauti na walivyotaka, angalau maoni yao yaliandikwa mahali.

Usiniambie mambo haya ni magumu kwa mwananchi. Umesoma mpaka hapa na umeelewa. Watu hawakatai sayansi wakielezwa, wanakataa kuletewa uamuzi ukiwa umeshapigwa muhuri. Na kama kuna watu wana cha kuchangia kwenye swali la jua na saa, ni sisi ambao lugha yetu bado inahesabu mchana kutoka macheo. Tumethibitisha kwa maisha ya kila siku kwamba mtu anaweza kubeba saa mbili bila kuchanganyikiwa, moja ya mashine na moja ya jua. Hilo ni pendekezo zuri la kupeleka mkutanoni: acheni mashine ziwe na saa yao isiyoguswa, na pengo kati yake na jua litangazwe wazi kila mwaka, kila mtu ajue deni limefika wapi.

Basi nikuachie kazi. Leo jioni uliza mtu mmoja nyumbani au mtaani, mama mboga, dereva wa boda, nyanya yako kijijini kwa simu: saa ifuate jua au mashine? Usimweleze kwanza, msikilize. Halafu tuandikie hapa alichosema.